Fedha za Kuchunguza Mateso ya Wazee

Katika taarifa ya kila mwaka tumezoea kuwaarifu wanachama na wazee wetu habari za ada, misaada ya mazishi na hesabu za chama. Safari hii twapenda kuongeza habari za historia, kwa kuwa zatuhusu sote: jinsi fedha chache zilizotengwa kwa uchunguzi zilivyopunguza mateso ya watu walio karibu na mauti.

Mwaka 1948 alifariki London mgonjwa wa saratani, Myahudi wa Poland, jina lake David Tasma. Alimwachia pauni 500 Bibi Cicely Saunders, aliyekuwa akimtembelea na kuzungumza naye, ziwe mwanzo wa nyumba ya kutunzia watu wa hali kama yake. Bibi huyo alishauriwa asomee udaktari kwanza, maana madaktari wa siku hizo waliwapa kisogo wagonjwa wasioweza kupona. Alihitimu mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 38.

Mwaka uliofuata alipewa fedha za uchunguzi na mfuko wa Sir Halley Stewart. Kwa miaka saba alikaa na wagonjwa wa nyumba ya St Joseph's, akaandika habari za zaidi ya watu 1,000. Akabaini kwamba dawa ya mofini ikitolewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa hutulia na akili yake hubaki timamu. Mwaka 1967 ikafunguliwa nyumba ya St Christopher's. Humo, katika miaka ya 1970, Daktari Robert Twycross alithibitisha kwamba mofini ya kunywa yatosha, wala haihitaji kuchanganywa na kokeini.

Faida ya maarifa hayo ilifika kwetu. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianza kazi Kampala, akitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ambayo hata maskini aliweza kuipata nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuandika dawa hiyo, kwa sababu madaktari walikuwa wachache.

Lakini maumivu ya mwili si mateso pekee ya uzee. Mwezi wa Mei 1908 haukumbukwi na mtu, bali Mei 2008 twaikumbuka vyema: huko Kisii watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kusingiziwa uchawi. Pwani nako, katika Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi pamefichwa ugomvi wa shamba. Mwaka 2017 wataalamu walijumlisha chunguzi 52 za nchi 28, wakaona kwamba katika kila watu sita wenye miaka 60 na zaidi, mmoja hivi alikuwa ametendewa vibaya katika mwaka mmoja. Wengi wao hawasemi, kwa kuwa anayewatesa ndiye anayewalisha.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Hata hivyo sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye shida yake haijaandikwa popote. Fedha za uchunguzi kwa muda mrefu zimeelekezwa kwa watoto, kina mama na maradhi ya kuambukiza, nayo ni mambo ya haki; lakini mzee amesahauliwa, kwa kudhaniwa kwamba jamaa zake watamwangalia.

Kwa hiyo yatupasa tuwapokee wachunguzi wa kweli wanapobisha hodi, na kuwajibu bila kuona haya. Yatupasa pia kila tawi liwe na daftari la wazee wake: nani yu mgonjwa, nani yu peke yake, nani ameondolewa shambani mwake. Na tunapogawa fedha za chama, tusingoje siku ya mazishi ndipo tufungue mkoba. Pauni 500 za mgonjwa mmoja zilitangulia kazi kubwa. Shilingi zetu nazo zaweza kutangulia.