Dola 100 za Dhahabu

Mkataba wenyewe ni mfupi. Uliandikwa tarehe 26 Novemba 1900 katika Kambi ya Lazear, nje kidogo ya Havana, kisiwani Cuba. Upande mmoja ni tume ya madaktari wa jeshi la Marekani chini ya Meja Walter Reed. Upande wa pili ni kijana aliyehamia kutoka Uhispania. Anatamka kwamba umri wake umepita miaka 25, na kwamba kwa hiari yake anakubali kufanyiwa majaribio ili ijulikane homa ya manjano huambukizwa vipi. Wanahistoria wa tiba huuhesabu miongoni mwa fomu za mwanzo kabisa za ridhaa. Nimeusoma mara nyingi kuliko tasnifu yangu ya uzamili inavyohitaji.

Kuna sentensi moja inayonirudisha kila mara. Kijana anakiri kuwa ugonjwa huu utahatarisha maisha yake kwa kiasi fulani; lakini kwa kuwa hawezi kuukwepa akiwa kisiwani, anaona heri aupate hapa, mikononi mwa madaktari. Ni kweli kwamba wageni waliugua sana. Lakini "huwezi kuukwepa" inafanya kazi kubwa: inageuza hatari ya hiari kuwa jambo ambalo lingemkuta tu. Na uangalizi alioahidiwa ulikuwa uuguzi, kwani dawa ya homa ya manjano haikuwepo. Kisha pesa. Dola 100 za dhahabu kwa kukaa, nyingine 100 akiugua na kupona. Akifa, zote 200 atapelekewa mtu aliyemtaja. Akitoka nje ya mipaka ya kambi, hana chake.

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuwasomea wagonjwa fomu za ridhaa katika utafiti mmoja. Mama mmoja alinisikiliza kwa adabu hadi ukurasa wa nne, pale palipoeleza kuwa kura ndiyo itakayoamua nani apewe dawa mpya na nani aendelee na ya kawaida. "Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Basi daktari ameona ipi inanifaa?" Nikamweleza tena kuhusu kura. Akatikisa kichwa, akaniambia daktari hawezi kumchezea kura mtu anayeumwa. Watafiti wa Marekani waliliandikia jambo hili mwaka 1982: mgonjwa hudhani kila kinachofanywa kwenye utafiti kimechaguliwa kwa faida yake. Mimi sioni kuwa mama yule alikuwa mjinga. Alimwelewa daktari kama daktari anavyotaka kueleweka siku nyingine zote.

Wale Wahispania walielewa kwa njia tofauti. Mwezi Desemba wenzao walipoanza kuugua mmoja baada ya mwingine na kubebwa kutoka kambini, uvumi ulienea kwamba kwenye tanuu la chokaa la karibu kuna mifupa ya watu waliofanyiwa majaribio. Haikuwa kweli, hakuna aliyekufa katika majaribio ya kambi ile. Msomaji aliyekulia pwani yetu atamkumbuka mumiani, ambaye wazee waliamini anaua watu ili damu yao iwe dawa. Uvumi wa namna hii hukosea habari na hupatia swali: mwili wangu unamfaa nani? Baadhi yao wakaondoka, dhahabu wakaiacha. Reed aliwasimulia kwa kejeli kidogo, eti walipoteza hamu ya maendeleo ya sayansi, lakini akakiri kwamba uamuzi wao ulikuwa wa busara. Namsifu kwa hilo. Mkataba wake ulikuwa umewawekea adhabu kwa busara hiyohiyo.

Ningependa kusema kwamba kuelewa kunatosha. Lakini mwaka 1901 daktari mwingine wa Havana, Juan Guitéras, aliendelea kuwaumisha watu wa kujitolea kwa mbu, akitumaini homa nyepesi ingewapa kinga. Mmoja wao alikuwa Clara Maass, muuguzi Mmarekani aliyekwisha kuwauguza wagonjwa wa homa hiyo. Hakuhitaji kusomewa chochote. Aliugua kidogo, akapona, akakubali kuumwa tena. Alifariki tarehe 24 Agosti, akiwa na miaka 25. Kelele zikapigwa Marekani, majaribio yakasimamishwa. Malipo yake yalikuwa dola 100. Alikuwa na mama na wadogo huko New Jersey waliomtegemea.