Hekalu Lisilo na Kuta

Bila shaka umesoma, ewe msomaji, habari za Dharamsala, mji ulio kwenye miteremko ya Himalaya, kaskazini mwa India. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, aliikimbia nchi yake, na mwaka uliofuata akafanya makao yake katika mji huo pamoja na wafuasi wake. Tangu hapo wageni hutoka mbali kwenda kuyatazama mahekalu yao, bendera za sala zinazopepea, na watawa wenye mavazi ya rangi ya damu ya mzee. Huko mlima umekuwa kimbilio la watu na la ibada yao pia.

Sasa nakuomba usimame nami Sirisia, katika wilaya ya zamani ya Bungoma, uelekeze macho kaskazini. Mlima ule mpana ramani huuita Elgon, jina lililotokana na Wakony waliokaa mapangoni mwake. Wabukusu, na ndugu zao Wagisu walio upande wa Uganda, huuita Masaba. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321. Ukiuliza mahekalu ya hapa yako wapi, hutaonyeshwa mnara wala paa la dhahabu. Mzee wa Kibukusu wa zamani angekuonyesha namwima, kibanda kidogo cha nyasi kilichojengwa uani, ambamo baba wa nyumba alimwomba Wele, Mungu muumba, na kuwakumbuka wazee waliofariki. Kisha angekuonyesha mlima.

Wageni wa kwanza walikuwa na macho mazito kwa mambo haya. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika kwenye mapango ya Elgon mwaka 1883, akakuta watu wanaishi ndani pamoja na ng'ombe wao. Alistaajabu, lakini hakusadiki kwamba wenyeji wangeweza kuchimba kazi kubwa namna ile; akadhani ni kazi ya taifa fulani kuu la kale. Kumbe mwamba ule una chumvi. Watu waliuchimba kwa ajili ya mifugo yao, na tembo nao huingia gizani wakaukwangua kwa pembe zao. Pango la Kitum limeingia mlimani yapata mita 200. (Nionavyo mimi, tembo mchimba chumvi ni ajabu kubwa kuliko taifa lolote la kubuni.)

Mwaka 1895 Waingereza, wakiongozwa na C. W. Hobley, waliwapiga Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Wengi walikufa, na nchi ikatawaliwa. Baada ya vita walikuja wamisionari, na vijana wakaanza kusoma. Miongoni mwao alikuwa Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji hodari wa kandanda, aliyelelewa katika kanisa la Marafiki. Alipooa mke wa pili aliondolewa kundini. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaanza kuhubiri Dini ya Msambwa, yaani dini ya mizimu ya wahenga. Alifundisha kwamba Wele aliwasikia Waafrika kabla mmisionari hajafika, kwamba Masaba ndio Sayuni yao, na kwamba Wazungu hawana budi kuondoka. Serikali ilimshika mwaka 1945, ikamtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka mwaka 1947 aliongoza umati mkubwa hadi Chetambe, wakawatambikia waliouawa mwaka 1895.

Yaliyofuata yalitokea hapa jirani na Sirisia, katika soko la Malakisi. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliwakamata baadhi ya wafuasi. Umati ukaja kudai wafunguliwe. Polisi wakapiga risasi, na watu 11 wakafa. Baadaye watawala waliandika juu ya ghasia na ushupavu wa dini, na si uongo kwamba wafuasi wengine walikuwa na hasira, tena walitisha wamisionari. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba pahali pake pa sala ni ushenzi, na kwamba kiongozi wake ni kichaa, atazungumza kwa upole hadi lini? Swali hilo halikuulizwa Malakisi siku ile.

Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu, mbali na mlima wake, pwani ambako mizimu ya wenyewe ni mingine. Alirudi uhuru ulipokuwa umekaribia. Serikali ya Kenya huru iliiruhusu dini yake mwaka 1964, kisha ikaikataza tena mwaka 1968. Jambo hili liwafikirishe wale wanaodhani kwamba ni mkoloni peke yake aliyeuogopa mlima huu. Masinde alifariki mwaka 1987.

Ukitaka kuuona Masaba wote, fika Malakisi asubuhi na mapema. Alasiri mawingu huteremka, na mlima hufichika kabisa.