Cheti cha mkanda na chombo kilichokitoa: mwongozo kwa wazazi wa Igoma

Mzazi wa Kata ya Igoma, Jijini Mwanza, anayempeleka mtoto wake kujifunza karate, judo au taekwondo huweza kukabidhiwa cheti chenye nembo ya chombo cha kimataifa. Kabla ya kulipa ada ya mtihani wa mkanda, ni vyema afahamu chombo hicho ni cha aina gani, kwa kuwa vipo vya aina mbili na haki zinazotokana navyo hazifanani.

Aina ya kwanza ni mashirikisho ya mchezo: Shirikisho la Karate Duniani (WKF), Shirikisho la Kimataifa la Judo (IJF) lililoundwa mwaka 1951 na World Taekwondo, lililoundwa Seoul mwaka 1973. Haya huongozwa na mkutano mkuu wa vyama vya taifa, unaochagua rais na wajumbe wa kamati tendaji. Klabu ya Igoma haiandikii Madrid, yaliko makao makuu ya WKF. Hupitia chama chake hapa nchini. Kwa njia hiyo ya vyama vya taifa, Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Aina ya pili ni vyama vya mtindo. Mfano ni IOGKF, kilichoanzishwa mwaka 1979 na Morio Higaonna kwa ajili ya Goju-ryu, mtindo ambao Nantambu Camara Bomani aliufundisha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Humo neno la mwalimu mkuu lina uzito kuliko kura. Mkanda wake ni halali na una heshima ndani ya mtindo, lakini peke yake haumwingizi kijana katika timu ya taifa. Wapo wazazi wanaolitambua hilo baada ya kulipa.

Kuhusu elimu, matarajio yawe ya kiasi. Jigoro Kano, aliyeasisi judo mwaka 1882, alikuwa mwalimu, na mchezo wenyewe aliukusudia uwe malezi. Misaada ya leo huelekezwa zaidi kwenye kozi za makocha na ufadhili wa mazoezi ya wanamichezo, ambao Mshikamano wa Olimpiki huupitisha kwa kamati za Olimpiki za taifa. Tangu Januari 1, 2021, kipo pia kiwango cha kimataifa kinachoyataka mashirikisho kutoa elimu dhidi ya dawa zilizokatazwa michezoni. Karo ya shule ni jambo jingine. Anayeiahidi aombwe aiweke kwa maandishi.

Hapa nchini, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na klabu hutakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, maombi yakianzia kwa Afisa Michezo wa halmashauri. Mzazi ana haki ya kuomba kuona hati ya usajili na katiba ya klabu, pamoja na uthibitisho wa uanachama katika chama cha taifa. Klabu isiyo na hati hizo ielekezwe kwa Afisa Michezo kabla ya ada yoyote kulipwa.