Jeevanjee Alikuwa Msee wa Tenda

Kama umewahi kuketi Jeevanjee Gardens ukimngoja mtu aliyekuambia "niko tu hapa Archives" na kumbe bado yuko Githurai, basi umeketi kwenye bustani ya msee wa tenda. Sitanii. Jina liko pale getini na wengi wetu hatujawahi kuuliza huyo jamaa alipata wapi pesa za kuwapa watu wa Nairobi bustani nzima mwaka 1906.

Alizipata kwa kuuzia serikali.

Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa mtu wa Karachi. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, miaka ya 1895 na 1896, walihitaji watu na walihitaji chakula. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa miaka ile ya ujenzi. Jeevanjee alipata kandarasi ya kuleta baadhi ya wale wa kwanza, kisha ya kuwalisha, kisha ya kupasua mawe na kutengeneza njia ya reli. Baadaye akaanza kujenga majengo ya serikali. Akaanzisha hadi gazeti, lile ambalo leo tunaliita The Standard.

Sisemi alikuwa malaika. Reli yenyewe ilikuwa mradi wa ukoloni na tunajua ardhi ilienda wapi. Lakini kazi ilifanyika, na nimekaa nikijiuliza kwa nini, kwa sababu leo ukisema "tenda" watu wanasikia "wizi". Jibu langu ni kwamba chakula huwezi kudanganya. Kibarua akikosa kula leo Voi, mhandisi anajua leo hii hii, reli inasimama. Pia Jeevanjee alikuwa na mtaji wa kungoja alipwe, na kila mtu alijua yeye ni nani na anapatikana wapi. Shika hayo, tutayarudia.

Miaka iliyofuata, vitu vingi vya serikali ya koloni vilinunuliwa London kupitia Crown Agents, shirika lililokuwa likinunulia makoloni kila kitu kuanzia karatasi hadi injini za treni. Unaweza kukisia ni viwanda vya nchi gani vilifaidika. Baada ya uhuru, serikali ikataka Waafrika nao waingie kwa biashara, na tenda ikawa njia moja ya kuwainua. Wazo si baya. Shida ni kwamba kwa muda mrefu sheria kamili ya ununuzi haikuwepo. Kulikuwa na nyaraka za Hazina na kitabu cha mwongozo cha 1978. Kanuni zenye nguvu ya kisheria zilikuja 2001. Hebu hesabu hiyo miaka.

Sasa twende kwa Anglo Leasing, maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa nasari.

Serikali ilitaka mfumo mpya wa kutengeneza pasipoti. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya karibu euro milioni 6. Kazi ikapewa Anglo Leasing and Finance kwa euro milioni 30. Mara tano! Na hiyo Anglo Leasing ilikuwa nini? Anwani tu kule Liverpool. Hakuna kiwanda, hakuna mashine, hakuna mtu wa kupigia simu. Mwaka 2004 maswali yalipoanza kuulizwa bungeni, malipo ya kwanza yaliyokuwa yametumwa yakarudishwa. Yaani mtu akarudisha pesa bila hata kushtakiwa. Wewe umewahi kukopesha mtu Nairobi akakurudishia hivyo?

Ikaja kujulikana kwamba pasipoti ilikuwa moja tu kati ya kandarasi 18 za aina hiyo, nyingi za usalama, zenye thamani ya karibu dola milioni 770. John Githongo, aliyekuwa ameajiriwa na Rais Kibaki kupambana na ufisadi, alijiuzulu Februari 2005 akiwa Uingereza. Na uchungu haukuishia hapo. Mwaka 2014, serikali ilipotaka kukopa kwa kuuza Eurobond, ilibidi kwanza ilipe karibu shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za sakata hiyo kwa sababu zilikuwa zimeshinda kesi nje ya nchi. Karatasi zilikuwa zimetiwa sahihi, na korti za huko ziliangalia karatasi.

Linganisha na Jeevanjee. Pale ulimjua mwenye kazi na ukaona chakula. Hapa mwenye kampuni hakujulikana na bidhaa hazikuonekana, na ukitamka neno "usalama" hakuna anayeruhusiwa kuuliza.

Sheria ya ununuzi wa umma ikapitishwa 2005. Ikaja nyingine kali zaidi 2015. Halafu ikaja Korona, na KEMSA. Kampuni iliyosajiliwa Januari 2020 ikapewa, miezi michache baadaye, barua ya kuleta vifaa vya kujikinga vya zaidi ya shilingi bilioni 4. Barua hiyo ilifutwa baadaye, lakini Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipopekua alikuta kampuni nyingine changa zilizopewa kazi bila uzoefu, na bidhaa za mabilioni zimekwama ghalani kwa sababu zilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko soko. Sheria ilikuwepo wakati huo wote.

Hapa ndipo watu huishia. "Wasee wa tenda ni wezi," tunatuma meme, tunalala. Mimi siwezi kuishia hapa kwa sababu ya anti yangu.

Mnajua AGPO. Tangu 2013 asilimia 30 ya tenda za serikali inatakiwa kutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sheria ya 2015 ikaitia nguvu. Anti akasajili kampuni, akapata cheti, akashinda tenda ya kupeleka madawati kwa kaunti fulani. Mimi ndiye nilimsaidia kujaza fomu. Alikopa kwa logibuku ya probox yake, akalipa mafundi, akapeleka madawati yote kwa wakati. Nilikuwa kwa lori siku hiyo, nilibeba. Akapewa karatasi ya kupokea mzigo, mhuri juu.

Mwaka wa kwanza: "Pesa haijatoka Nairobi." Wa pili: "Gavana mpya anakagua madeni." Probox ilichukuliwa na wenye mkopo katikati ya hapo.

Si yeye peke yake. Kaunti zinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 150, na mwaka 2023 serikali kuu iliunda kamati ya kukagua madeni yake ya kuanzia 2005 hadi 2022. Kuna mtu alipeleka mzigo nikiwa mtoto na bado anakaguliwa. Ndani ya hiyo orodha kuna madeni ya hewa, ndiyo, watu waliodai bila kuleta chochote. Wanapanga foleni moja na anti.

Na sasa fikiria ni nani anabaki kwa hii biashara. Anayeweza kungoja miaka mitatu ni mwenye mtaji mkubwa. Anayelipwa haraka ni mwenye mtu ndani, ambaye atataka chake. Na mwenye kupeleka hewa hana hasara akicheleweshwa, hakukopa kununua hewa. Anayeumia ni yule tu aliyepeleka madawati. Kwa hiyo tunaposhangaa kwa nini serikali inauziwa kalamu kwa bei ya simu, sehemu ya bei ni wizi, na sehemu ni riba ya kungoja ambayo mtu ameiweka mapema.

Wiki iliyopita nilimpigia anti nikamuuliza kama angeomba tenda tena. Akacheka.

"We kijana, kuna tangazo limetoka juzi. Viti. Njoo Jumamosi tujaze fomu."

Nikamuuliza bei ataweka ngapi. Akaniambia mara mbili ya ile ya madawati.