Daftari la Mahudhurio na Bei ya Mtoto

Serikali itoayo fedha kwa ajili ya elimu hutaka kujua mambo mawili: mtoto amejifunza nini, na amekaa darasani muda gani. La pili ni rahisi zaidi kuhesabu, na kwa sababu hiyo lina hatari yake. Historia ya Uingereza katika karne ya kumi na tisa yatosha kuwa ushahidi.

Serikali ya nchi hiyo ilianza kusaidia shule za watoto wa maskini mwaka 1833 kwa pauni 20,000. Msaada ulikua hata ukapita pauni 813,000 mwaka 1861. Mwaka huo tume iliyoongozwa na Duke wa Newcastle ilieleza kwamba mahudhurio yalikuwa hafifu, na kwamba wengi waliacha shule kabla hawajajua kusoma vema. Ndipo Robert Lowe, aliyesimamia elimu serikalini, alipoleta kanuni ya kulipa kwa matokeo, iliyopitishwa mwaka 1862.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Shule ilipata shilingi 4 kwa kila mtoto katika wastani wa mahudhurio. Mtoto aliyepita miaka 6, akahudhuria zaidi ya mara 200, asubuhi na alasiri zikihesabiwa mbalimbali, aliiletea shule shilingi 8 zaidi. Lakini mbele ya mkaguzi, aliyeshindwa kusoma alipunguza shilingi 2 na peni 8. Kuandika vivyo hivyo, na hesabu vivyo hivyo. Aliyeshindwa yote matatu alipoteza shilingi 8 zote.

Hivyo daftari likawa mfuko wa fedha. Mwalimu ambaye riziki yake ilitegemea ruzuku alitamani hata mgonjwa aletwe siku ya ukaguzi, naye alishawishika kumtilia alama asiyekuwapo. Masomo yasiyolipiwa yalisukumwa kando. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliipinga kanuni hiyo waziwazi. Hazina ilipata nafuu: kufikia 1865 ruzuku ilikuwa imeshuka chini ya pauni 640,000.

Hata hivyo, si haki kulilaumu daftari lenyewe. Sheria ya 1870 iliziruhusu halmashauri za elimu kulazimisha mahudhurio, na ile ya 1880 ikayafanya kuwa lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10. Pasipo orodha ya majina, sheria hizo zingekuwa maneno matupu, kwa maana nani angemtafuta mtoto asiyejulikana kuwa hayupo? Kadhalika, kanuni za miaka ya 1870 zilitaka mtoto mkubwa apate saa 2 za masomo yasiyo ya dini ndipo ahesabiwe kuwa amehudhuria. Kupita mlangoni tu hakukutosha.

Malipo kwa matokeo yalifutwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1890, na daftari likabaki. Alama moja mbele ya jina yaweza kumfanya mwalimu aulize mtoto yuko wapi, au aulize ataleta shilingi ngapi. Kwa takriban miaka 30, watoto wa Uingereza waliulizwa zaidi swali la pili.