AR-15 ya Kujijengea Majuu: Doo Iende kwa Spea Gani, na Mbona Visa Yako Ndiyo Huamua

Kama umewahi kupotelea YouTube usiku, lazima umecheki msee wa Texas ameketi gereji kwake, spea zimetandazwa mezani, na video ikiisha ameshika bunduki nzima. Hiyo si sinema. Sheria ya kitaifa ya Marekani inamruhusu mtu asiye na kizuizi cha kisheria kujitengenezea bunduki ya matumizi yake mwenyewe. Kutengeneza za kuuza ndio kunahitaji leseni.

Sasa, Wakenya wako kibao kule. Wengine wameenda shule, wengine kazi, wengine waliomoka na green card. So hii maneno inatuhusu. Hapa kuna mambo ya kujua kabla mtu atoe hata dola moja.

Mbona kila mtu hujenga AR-15?

AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner akiwa kampuni ya ArmaLite, miaka ya 1950. Hizo herufi AR zinatokana na jina la kampuni. Colt ilinunua haki zake mwaka wa 1959, na haki hizo zilipoisha 1977, kila kampuni ikaanza kutoa yake. Kwa kuwa wengi hufuata vipimo vilevile, spea za huyu mara nyingi huingia kwa ya yule. Ni kama Probox: ukienda Kirinyaga Road hukosi kitu, na bei ni ya kubargain.

Kipande kimoja ndicho "bunduki"

Kwa sheria ya Marekani ya 1968, fremu au risiva ya bunduki inahesabiwa kuwa bunduki kamili, hata ikiwa tupu. Kwa AR-15, hiyo ni risiva ya chini, ile sehemu ambayo triga na magazini hukaa. Ndiyo hubeba namba ya utambulisho.

Ukiinunua mtandaoni, hailetwi kwako. Inatumwa kwa duka lenye leseni, unajaza Fomu 4473, halafu rekodi yako inachunguzwa. Kudanganya kwa hiyo fomu ni kosa la jela. Na wale wa kuvuta: hata kama bangi ni halali kwa steti yako, fomu yenyewe inakukumbusha kwamba kwa sheria ya kitaifa bado ni haramu.

Doo iende wapi?

Mtutu na bolti. Hapa usibanie. Risasi hulipuka sentimita chache kutoka usoni mwako, na hivi vitu viwili ndivyo huzuia huo moto. Nunua kwa kampuni yenye jina, vyote viwili mahali pamoja ikiwezekana. Kisha mpelekee fundi wa bunduki apime kama vinakaliana vizuri kabla hujafyatua chochote.

Chemba. Soma maandishi yaliyo kwa mtutu. Chemba ya 5.56 NATO hukubali risasi za 5.56 na za .223 Remington. Chemba ya .223 haifai kulishwa 5.56, kwa sababu presha inaweza kupita kiasi. Zinafanana kwa macho, lakini kosa hapo ni noma.

Risiva ya chini. Watu hudhani ya bei ghali hupiga vizuri zaidi. Wapi. Bora ifuate vipimo, ya bei rahisi hufanya kazi ileile. Hapa ndipo unaokoa ganji.

Triga. Ya kawaida inatosha kuanza nayo. Utabadilisha baadaye ukishajua unataka nini.

Kitako na kikingio cha mkono. Hizi ndizo Instagram hupenda, na ndizo hukula bajeti bure. Chukua za kawaida, rangi utajipa baadaye.

Darubini. Usiweke ya mia mbili juu ya mtutu wa hamsini, wala kinyume chake. Ikiwa doo imekwisha, shabaha za chuma zinatosha kujifunzia.

Na acha chapaa ya vitu ambavyo hakuna mtu hupigia picha: miwani, vizibo vya masikio, kasha la kufungia, risasi za mazoezi na mwalimu. Kasha si la kujadili kama kuna mtoto kwa nyumba.

Hesabu ya ukweli

AR-15 ya bajeti ya kujijengea hukaribia dola 500 hadi 700, kitu kama 65,000 hadi 90,000 za Kenya. Shida ni kwamba ya kiwanda, iliyokamilika na yenye waranti, hupatikana kwa bei hiyohiyo, kwa sababu kiwanda hununua spea kwa jumla. Ongeza zana maalum za kufungia, na ile ya kujijengea inaweza kukukosti zaidi. Watu hujenga kwa sababu wanapenda kujua chombo chao ndani nje. Kama lengo lako ni kuokoa pesa tu, bunduki ya kwanza nunua iliyokamilika.

Mitego ya sheria

Mtutu wa bunduki yenye kitako ukiwa chini ya inchi 16, hiyo inaingia sheria nyingine ya 1934 na lazima isajiliwe kabla ya kujengwa. Kuifanya ipige mfululizo bila kuachia triga ni marufuku kwa raia tangu 1986. Zote mbili zina kifungo cha hadi miaka 10.

Mwaka wa 2022 serikali ilisema vifurushi vya kujijengea vilivyo karibu kukamilika vihesabiwe kama bunduki pia, na Machi 2025 Mahakama ya Upeo ya Marekani ikaunga mkono kwa kura 7 kwa 2. Halafu kuna steti kama California, New York na Illinois ambazo zimefungia AR-15 nyingi kabisa. Texas na New Jersey si nchi moja kwa haya mambo.

Sasa, visa yako inasema nini?

Hapa ndipo Wakenya wengi huchomeka bila kujua. Mtu aliyeingia Marekani kwa visa ya muda, iwe ya masomo, ya utalii au ya kazi kama H-1B, haruhusiwi kushika bunduki wala risasi. Kuna vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Aliyekaa visa ikaisha pia haruhusiwi. Kifungo ni hadi miaka 15, na baada yake unarudishwa home.

"Kushika" hapa ni kushika kweli. Beste Mmarekani akikupeleka reinji Jumamosi, akupe yake upige mbili tatu na akuchukue video, hiyo video ni ushahidi. Mwenye green card ana ruhusa, bora afuate sheria za steti yake. Kama huna uhakika uko upande gani, lipa wakili wa uhamiaji kwanza. Bei yake ni ndogo kuliko maisha uliyojenga huko.

Na ukirudi Kanairo?

Usijaribu. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huwezi kuwa na bunduki bila cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na kutengeneza bila idhini ni kosa lingine. Kibaya zaidi, sheria yetu inahesabu hata spea ya bunduki kuwa bunduki. Kwa hivyo ule mtutu uliobaki gereji Dallas usiuweke kwa sanduku la nguo za kuletea cuzo. Kuutoa Marekani bila leseni ya kusafirisha ni kosa huko, na kuuingiza JKIA ni kosa hapa. Utakuwa na kesi mbili, nchi mbili, kwa chuma ambacho hata hakiwezi kupiga peke yake.