Wazigua wa Mto Juba

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wakulima wa bonde la Mto Juba kusini mwa Somalia walikuwa na mahindi na hawakuwa na bunduki. Nafaka yao ilihifadhiwa kwenye mashimo yaliyofukiwa ardhini. Wanamgambo walikuwa wakiyajua. Waliyafukua, wakakomba kila kitu, wakaua na kubaka. Wakulima hao walizaliwa hapo, na baba zao vilevile, lakini hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwakingia kifua.

Wengi walikuwa wajukuu na vitukuu wa watumwa. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya Uzigua, bara ya Pangani. Watu walijiweka rehani, au wakawaweka rehani watoto wao, ili wapate chakula kwa wafanyabiashara wa pwani. Wazee husimulia kwamba babu zao waliahidiwa kazi ya muda tu, kisha majahazi yakawapeleka pwani ya Benadir, Somalia, wakauzwa kwenda kulima mashamba ya Mto Shebelle.

Hawakutulia. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mwenye maono, Wanankhucha, aliyewaongoza kutoroka kuelekea kusini ili warudi kwao. Safari iliishia Juba. Misitu ya mto huo ilijaa mbung'o, na wafugaji waliogopa kuingiza ng'ombe wao humo, kwa hiyo mtoro aliyethubutu kufyeka alipata shamba na usalama kwa pamoja. Wayao, Wamakua na wengineo waliofika huko walipoteza lugha zao polepole wakashika Kimaay, lugha ya majirani zao. Wazigua, kwa kuwa walikaa pamoja katika vijiji vyao, walibaki na Kizigua. Hata jina waliloitwa na majirani, Mushunguli, linaelekea kutokana na neno Mzigula, yaani Mzigua.

Karne moja na nusu ni muda mrefu wa kuwa mgeni. Walisilimu, wengine wakajiunga na koo za Kisomali, wakalipa kodi na kutumikia jeshi la taifa. Katika miaka ya 1930 wakoloni wa Kiitaliano waliwakamata kwa nguvu wafanye kazi kwenye mashamba ya migomba. Na baada ya uhuru waliendelea kuitwa jareer, wenye nywele ngumu. Bonde liliwalisha Wasomali wengi, lakini aliyelilima hakukubaliwa kuwa mwenzao.

Vita vilipowatawanya, maelfu walikimbilia Dadaab, Kenya. Wengine walipanda vyombo vya baharini wakashuka Mombasa, na baadhi wakasonga mbele mpaka Tanga, Tanzania. Huko Handeni, katika nchi ileile ya Uzigua, likatokea jambo ambalo mkimbizi hulikosa mara nyingi: walipofungua midomo, wenyeji waliwaelewa. Kizigua cha Juba kilikuwa kimebeba maneno ya Kisomali, lakini hakikuhitaji mkalimani.

Hata hivyo, kusikilizana hakumpi mtu shamba wala kitambulisho. Walikaa kwanza kambini Mkuyu, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, walikopewa ardhi ya kulima na kujenga. Kisha wakaomba uraia. Kufikia mwaka 2009 zaidi ya elfu moja walikuwa wameshaupata, na vyeti vyao vilithibitisha kile ambacho mababu waliotoroka na Wanankhucha walikitafuta kwa miguu.

Wa Dadaab hawakuwa na bahati hiyo. Tanzania, iliyoelemewa na wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, haikuweza kuwachukua, na Msumbiji nayo ikakataa. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea takriban 12,000, na wa kwanza waliondoka mwaka 2003, mwaka uleule ambao Chogo ilifunguliwa. Ukoo uliotoka kijiji kimoja cha Juba uligawanyika: ndugu mmoja anapalilia mahindi Handeni, mwingine anasukuma theluji mlangoni Lewiston, jimboni Maine, na wakipigiana simu huanza kwa Kizigua.